Hifadhidata ya duka la mtandaoni inapovimba: pa kupima, pa kuziba, pa kufuta

Dalili ya kwanza mara nyingi haionekani dukani. Huonekana kwenye nakala rudufu: kazi ya usiku iliyokuwa ikimalizika kwa dakika mbili inaanza kuchukua nusu saa, kisha usiku mmoja inakatika katikati na hakuna anayejua. Baadaye ukurasa wa oda kwenye dashibodi unachelewa kufunguka, ukitafuta jina la mteja unasubiri weee, na mwisho inafika barua pepe ya kampuni inayokuhifadhia tovuti ikisema nafasi imekwisha. Wengi wakifika hapo hulipia nafasi zaidi. Wanapata nafuu ya miezi michache, halafu barua ileile inarudi.

Kazi yangu ni kuhudumia maduka ya mtandaoni, na kabla sijagusa chochote huwa nauliza swali moja: hifadhidata hii, yaani ghala la majedwali linalotunza oda, bidhaa na wateja, inakua kwa kasi ya nini? Duka lenye afya hukua kwa kasi ya mauzo. Oda ikiingia, rekodi kadhaa zinaongezeka; bidhaa mpya ikiwekwa, vivyo hivyo. Ongezeko hilo ni halali, usihangaike nalo. Lakini jedwali linalokua kwa sababu tu watu wanapita, au kwa sababu tu saa zinakwenda, hilo linavuja. Litafute, jua nani analijaza, mzuie, ndipo ufute. Ukianza na kufuta utakuwa unachota maji kwenye mtumbwi wenye tundu.

Nitaeleza kwa mfano wa duka la WooCommerce (programu ya duka) juu ya WordPress (mfumo wa kuendesha tovuti), lenye MySQL au MariaDB (programu za hifadhidata) chini yake, kwa kuwa ndilo wengi wanalo. Wa Magento na PrestaShop, mifumo mingine ya maduka, wataona majedwali yao karibu na mwisho. Njia ni ileile. Kwenye mifano yote majedwali yanaanza na `wp_`. Kama yako yanaanza na herufi nyingine, badilisha.

Hatua ya 1: Nakala rudufu, kisha uifungue

Usifute hata rekodi moja kabla ya hili.

```
mysqldump --single-transaction jina_la_hifadhidata | gzip > duka-kabla.sql.gz
```

Hilo neno `--single-transaction` linaifanya nakala ichukue picha ya wakati mmoja bila kuyafunga majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya majedwali ya MySQL), hivyo wateja wanaendelea kununua huku nakala inachukuliwa. Faili likishakamilika, angalia mstari wake wa mwisho:

```
zcat duka-kabla.sql.gz | tail -n 1
```

Unapaswa kuona maneno `-- Dump completed on` yakifuatiwa na tarehe. Usipoyaona, nakala imekatika. Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunikuta: faili lilikuwapo, lina jina zuri na tarehe ya jana, ila diski ilijaa katikati ya kazi na nusu ya majedwali hayakuwamo. Niligundua siku niliyolihitaji. Tangu hapo kila nakala naihamishia nje ya seva ileile, naifungua kwenye hifadhidata tupu ya majaribio, nahesabu oda, na ndipo naanza. Hiyo hifadhidata ya majaribio usiifute. Amri zote zinazofuata zijaribu huko kwanza.

Hatua ya 2: Pima kila jedwali

Usikisie. Kwenye phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari) au kwenye terminali, endesha amri hii:

```sql
SELECT table_name AS jedwali,
       ROUND((data_length + index_length)/1024/1024, 1) AS mb,
       table_rows AS rekodi
FROM information_schema.tables
WHERE table_schema = 'jina_la_hifadhidata'
ORDER BY mb DESC
LIMIT 20;
```

Asiyependa amri anaweza kufungua ukurasa wa hali ya mfumo ndani ya WooCommerce. Kuna sehemu inayoorodhesha ukubwa wa kila jedwali.

Mambo mawili ya kujihadhari nayo. Safu ya rekodi kwa majedwali ya InnoDB ni makadirio tu, hivyo ukitaka idadi kamili tumia `COUNT(*)`. La pili huwachanganya wengi: MySQL 8 huhifadhi takwimu hizi kwa saa 24 kabla ya kuzipima upya. Unaweza kufuta rekodi laki tatu, ukarudia amri, ukaona namba zilezile za asubuhi ukadhani hukufanya kitu. Endesha `ANALYZE TABLE` kwa jedwali husika, kisha pima tena.

Nakili matokeo na tarehe mahali fulani. Utayahitaji.

Karibu kila mara majedwali matatu au manne yanabeba sehemu kubwa ya uzito wote. Shughulika na hayo tu. Miongozo mingi huanza kwa kukuambia ufute matoleo ya zamani ya makala, na kwa blogu ni ushauri mzuri. Kwa duka mara nyingi ni kupoteza muda, kwani bidhaa za WooCommerce kwa kawaida hazihifadhi matoleo ya zamani kabisa. Uzito uko kwingine.

Hatua ya 3: Vikapu visivyo na wenyewe

Nitakaa hapa zaidi, maana ndipo nilipoona uvujaji mkubwa kuliko popote.

Mteja akiweka kitu kikapuni, WooCommerce hufungua sesheni: rekodi moja kwenye jedwali `wp_woocommerce_sessions`. Chukua rekodi moja uitazame:

```
session_key:    t_8c1f0e47b2...
session_value:  a:7:{s:4:"cart";s:412:"a:1:{...
session_expiry: 1718000000
```

Ufunguo unaoanza na `t_` ni wa mgeni ambaye hajaingia kwenye akaunti. Mwenye akaunti huandikwa kwa namba yake. Katikati kuna kikapu chote kilichofungwa kwenye maandishi marefu: bidhaa, jumla, anwani. Namba ya mwisho ni saa ya kuisha, imehesabiwa kwa sekunde. Sesheni ya mgeni kwa kawaida huishi saa 48, na kuna kazi ya ratiba inayofagia zilizokwisha mara mbili kwa siku. Kwa hiyo jedwali hili lilipaswa kuwa dogo siku zote: vikapu vya siku mbili tatu, basi.

Kuna duka moja lilikuwa na oda chache kwa siku na mamia ya maelfu ya rekodi humo. Mwenye duka alidhani anapata wageni wengi na alikuwa amefurahi. Hawakuwa watu. Kwenye ukurasa wa orodha ya bidhaa, kitufe cha kuweka kikapuni ni kiungo chenye `?add-to-cart=` na namba ya bidhaa. Roboti inayozunguka mtandaoni hufuata kila kiungo inachokiona, na hiki nacho inakifuata. Seva inaweka bidhaa kikapuni, inafungua sesheni, inatuma kidakuzi, alama ndogo ya kumtambua mgeni akirudi. Roboti haitunzi vidakuzi, kwa hiyo ikija kwenye kiungo kinachofuata inahesabiwa kuwa mteja mpya. Bidhaa mia sita, vikapu mia sita, kwa mzunguko mmoja wa roboti moja.

Uliza jedwali lenyewe:

```sql
SELECT COUNT(*) AS zote,
       SUM(session_expiry < UNIX_TIMESTAMP()) AS zilizokwisha,
       SUM(session_key LIKE 't\_%') AS wageni
FROM wp_woocommerce_sessions;
```

Namba hizi tatu zinatosha kukuonyesha ugonjwa. Kama zilizokwisha ni nyingi, mfagiaji hafanyi kazi. Kama zilizokwisha ni chache lakini zote ni nyingi mno kuliko wanunuzi wako, na karibu zote ni za wageni, roboti wameingia. Yote mawili yanaweza kutokea kwa pamoja.

*Mfagiaji amelala.* Ratiba za WordPress hazijiendeshi zenyewe. Huamshwa na mtu anapofungua ukurasa. Watu wengi huzima utaratibu huo kwa `DISABLE_WP_CRON` ndani ya `wp-config.php` ili tovuti iwe nyepesi, jambo ambalo ni sahihi, halafu wanasahau kuweka ratiba ya seva badala yake. Kuanzia siku hiyo hakuna kinachofagiwa: sesheni hazifutwi, data ya muda haifutwi, foleni ya kazi haisogei. Endesha `wp cron event list` (amri za `wp` ni za WP-CLI, kifaa cha kuendesha WordPress kutoka terminali) na utafute `woocommerce_cleanup_sessions`. Ukikuta zamu yake inayofuata ilishapita siku nyingi, umempata. Weka mstari huu kwenye crontab, yaani ratiba ya kazi ya seva:

```
*/5 * * * * cd /njia/ya/tovuti && wp cron event run --due-now >/dev/null 2>&1
```

*Roboti.* Anza na `robots.txt`:

```
User-agent: *
Disallow: /*add-to-cart=
```

Roboti wenye adabu watatii. Kwa wasiotii, weka kanuni kwenye ukuta wa usalama wa seva au wa mtandao wa usambazaji (CDN) unaoutumia, ipunguze maombi yenye `add-to-cart=` yanayotoka anwani moja kwa wingi ndani ya dakika chache. Sishauri kuyazuia kabisa. Wapo wenye maduka wanaotuma viungo hivyohivyo kwa wateja kwenye barua pepe za matangazo, na ukifunga mlango wote unawafungia na wanunuzi.

Tundu likishazibwa, futa kwa mafungu:

```sql
DELETE FROM wp_woocommerce_sessions
WHERE session_expiry < UNIX_TIMESTAMP()
LIMIT 5000;
```

Rudia mpaka ijibu kuwa rekodi zilizofutwa ni sifuri. Usiondoe hiyo `LIMIT`. Kufuta milioni moja kwa mpigo kunaishika seva kwa muda mrefu, na mteja aliye kwenye ukurasa wa malipo wakati huo anasubiri nyuma ya amri yako. Ipo pia `TRUNCATE`, inayosafisha jedwali zima kwa sekunde moja na kurudisha nafasi papo hapo, ila inamwaga vikapu vya watu walio dukani sasa hivi na haina kurudi nyuma. Mimi huitumia tu hali ikiwa mbaya sana, saa ambayo duka limelala.

Hatua ya 4: Foleni ya kazi za nyuma

WooCommerce na programu-jalizi nyingi (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) hutumia foleni moja iitwayo Action Scheduler kwa kazi zinazofanyika nyuma ya pazia: kutuma barua pepe, kusasisha takwimu, kuhuisha malipo ya kila mwezi. Majedwali yake makuu ni `wp_actionscheduler_actions` na `wp_actionscheduler_logs`. Kila kazi iliyokamilika kwa kawaida huacha mistari mitatu kwenye jedwali la pili: imeundwa, imeanza, imekamilika. Ndiyo maana la pili huwa refu mara tatu ya la kwanza.

Tafuta nani anaijaza:

```sql
SELECT hook, status, COUNT(*) AS idadi
FROM wp_actionscheduler_actions
GROUP BY hook, status
ORDER BY idadi DESC
LIMIT 20;
```

Jina la `hook`, yaani la aina ya kazi, karibu kila mara linataja programu-jalizi husika. Ukiona moja imeweka makumi ya maelfu ya kazi, nenda kwenye mipangilio yake. Pengine inalandanisha bidhaa kila dakika wakati kila saa ingetosha.

Zilizokamilika hutunzwa siku 30 kisha hufutwa. Kwa duka lenye shughuli nyingi huo ni muda mrefu mno. Wiki moja inanitosha:

```php
add_filter( 'action_scheduler_retention_period', function () {
    return WEEK_IN_SECONDS;
} );
```

Zilizoshindikana zinaweza kubaki miaka. Kabla ya kuzifuta, soma chache uone zimekufa kwa nini, maana kazi elfu kumi zilizoshindikana kwa kosa moja ni taarifa kuwa kuna kitu dukani hakifanyi kazi, na pengine mteja anakijua kabla yako. Ukisharekebisha, futa zenye umri wa zaidi ya miezi mitatu:

```sql
DELETE FROM wp_actionscheduler_actions
WHERE status = 'failed'
  AND scheduled_date_gmt < NOW() - INTERVAL 90 DAY
LIMIT 5000;

DELETE l FROM wp_actionscheduler_logs l
LEFT JOIN wp_actionscheduler_actions a ON a.action_id = l.action_id
WHERE a.action_id IS NULL;
```

Amri ya pili inaondoa mistari iliyobaki bila kazi yake. MySQL haikubali `LIMIT` kwenye ufutaji unaounganisha majedwali mawili, kwa hiyo iendeshe wakati wa utulivu.

Kazi zenye hali ya `pending` usiziguse. Humo ndimo yalimo malipo ya wateja wa kila mwezi yanayosubiri zamu, na ukiyafuta hakuna tangazo lolote litakalotokea. Fedha zitaacha tu kuingia.

Hatua ya 5: Jedwali la mipangilio

`wp_options` linaweza kuwa na megabaiti chache tu na bado likawa ndilo linalochelewesha duka zima, kwa sababu sehemu yake, ile yenye alama ya `autoload`, husomwa kila ukurasa unapofunguliwa, itumike isitumike. Tangu toleo 6.6, la mwaka 2024, WordPress yenyewe hukupa onyo kwenye ukurasa wa afya ya tovuti mzigo huo ukizidi takriban kilobaiti 800. Angalia vinara:

```sql
SELECT option_name, LENGTH(option_value) AS baiti
FROM wp_options
WHERE autoload IN ('yes','on','auto','auto-on')
ORDER BY baiti DESC
LIMIT 20;
```

Utakuta mabaki ya programu-jalizi ulizoondoa zamani. Kuondoa programu-jalizi hakumaanishi imeondoka na vitu vyake. Kwa zile usizo na uhakika nazo, usifute; badilisha safu ya `autoload` iwe `no`, safisha kache, acha wiki mbili. Kama hakuna kilicholalamika, futa.

Data ya muda, ile inayoanza na `_transient_`, iondoe kwa `wp transient delete --expired`. Maduka yanayotumia Redis kama kache ya vitu (hifadhi ya haraka kwenye kumbukumbu ya seva) hayaweki data hiyo kwenye hifadhidata kabisa, na kwa duka linalokua ningefanya hivyo mapema.

Hatua ya 6: Bidhaa na oda

Hapa ndipo ninapokwenda polepole.

Jedwali `wp_postmeta` litakuwa kubwa kwa haki yake. Fikiria bidhaa moja yenye rangi tano na saizi sita: hizo ni aina thelathini, kila moja ni rekodi yake kwenye `wp_posts`, na kila moja ina takriban rekodi ishirini za maelezo kwenye `wp_postmeta`. Bidhaa moja, rekodi mia sita. Kama hakuna anayenunua nusu ya mchanganyiko huo, kuupunguza ni usafi ambao hakuna amri ya SQL inayoweza kuufanya kwa niaba yako. Picha zenyewe, kwa wanaojiuliza, hazimo humu. Hukaa kama mafaili kwenye diski, na hifadhidata inabeba jina na vipimo vyake tu.

Panga maelezo hayo kwa uzito:

```sql
SELECT meta_key, COUNT(*) AS idadi,
       ROUND(SUM(LENGTH(meta_value))/1024/1024, 1) AS mb
FROM wp_postmeta
GROUP BY meta_key
ORDER BY mb DESC
LIMIT 30;
```

Ukiona ufunguo usioujua unabeba mamia ya megabaiti, tafuta jina lake ndani ya mafaili ya programu-jalizi zako. Mara nyingi ni kifaa cha kuingiza bidhaa kutoka kwa msambazaji, kinachotunza maelezo yote ghafi ya kila bidhaa hata baada ya kuyatumia. Hesabu pia mayatima, yaani maelezo ambayo bidhaa au oda yake ilishafutwa:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM wp_postmeta pm
LEFT JOIN wp_posts p ON p.ID = pm.post_id
WHERE p.ID IS NULL;
```

Sasa oda. Oda zilizolipwa usizifute ili kupata nafasi. Ni hesabu za biashara, sheria za kodi za nchi nyingi zinadai zitunzwe kwa miaka, na siku mteja akija na madai, hiyo rekodi ndiyo ushahidi wako pekee. Kinachoweza kuondoka ni zile ambazo hazikuwa mauzo: zilizoshindikana, zilizoghairiwa, zilizobaki zikisubiri malipo. WooCommerce ina mipangilio ya muda wa kutunza data kwenye ukurasa wa akaunti na faragha. Weka kwa mfano siku 60 kwa kila moja ya hizo tatu, na mfumo utazitupa wenyewe. Papo hapo unaweza kuweka muda ambao baada yake majina na anwani kwenye oda zilizokamilika yanafutwa huku kiasi na tarehe vikibaki. Wateja wako wanastahili hilo, nafasi iwe tatizo au isiwe.

Ukikuta maelfu ya oda zilizoshindikana ndani ya siku mbili tatu, nyingi za bidhaa yako ya bei ya chini kabisa, simama. Kuna mtu anatumia ukurasa wako wa malipo kujaribu kadi zilizoibwa. Kufuta oda hizo peke yake hakutasaidia. Zungumza na anayekuchakatia malipo, weka kizuizi cha roboti kwenye ukurasa wa malipo, kisha urudi kusafisha.

Jambo jingine kwa maduka ya zamani. Kuanzia WooCommerce 8.2, Oktoba 2023, maduka mapya huhifadhi oda kwenye majedwali yake maalumu, `wp_wc_orders` na wenzake, badala ya kuzichanganya na kurasa na makala. Duka lililohamia huko likiacha hali ya ulandanishi (kunakili oda kati ya majedwali mapya na ya zamani) imewashwa hutunza kila oda mara mbili. Ukishahakikisha hakuna programu-jalizi inayosoma majedwali ya zamani, zima ulandanishi, kaa mwezi mmoja ukiangalia, kisha:

```
wp wc hpos cleanup all
```

Hii inaondoa maelezo ya oda kwenye upande wa zamani. Kwa duka lenye miaka mingi ya mauzo, nafuu inayopatikana hapa ni kubwa.

Hatua ya 7: Programu-jalizi zinazoandika shajara

Hizi ni nyepesi kushughulikia. Programu ya usalama inaandika kila jaribio la kuingia. Ya uelekezaji inaandika kila ukurasa uliokosekana. Ya takwimu inaandika kila mgeni. Ya barua pepe inatunza nakala nzima ya kila barua iliyotumwa, na mapambo yake yote. Fungua mipangilio ya kila moja na uweke muda wa kutunza: siku 14 au 30. Takwimu za wageni zihamishie kabisa nje ya hifadhidata ya duka. Kumbukumbu za WooCommerce yenyewe ziache zikae kwenye mafaili.

Majedwali yaliyoachwa na programu-jalizi ulizoondoa utayatambua kwa majina yake. Pakua nakala ya jedwali hilo peke yake, libadilishe jina, subiri siku chache, kisha uliondoe.

Hatua ya 8: Irudishe nafasi kwenye diski

Umefuta gigabaiti kadhaa, diski inasema vilevile. Hakuna kosa. InnoDB ikifuta rekodi haipunguzi faili. Inaacha mianya ndani yake itakayojazwa na rekodi mpya. Nakala rudufu inayofuata itakuwa ndogo, maana haibebi mianya, lakini faili la jedwali linabaki na ukubwa wake mpaka lijengwe upya:

```sql
OPTIMIZE TABLE wp_woocommerce_sessions;
```

Ujenzi huo unahitaji nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa data iliyobaki, kwa sababu jedwali jipya hutengenezwa pembeni kabla la zamani halijatupwa. Diski ikiwa imejaa kabisa, anza na majedwali madogo upate pumzi, ndipo uende kwenye makubwa. Fanya hili kwa majedwali uliyoyapunguza sana tu. Kuyazungusha yote kila wiki ni kuichosha seva bure.

Kwa wenye seva yao wenyewe: MySQL 8 huwasha shajara ya mabadiliko (binary log) bila kuulizwa na kuitunza siku 30. Kila rekodi unayoifuta inaandikwa humo. Ndiyo sababu baada ya usafi mkubwa diski inaweza kujaa zaidi kwanza. Angalia kwa `SHOW BINARY LOGS;` na kama huna seva nyingine inayonakili kutoka hii, siku saba zinatosha kwa wengi:

```sql
SET PERSIST binlog_expire_logs_seconds = 604800;
```

Kama duka lako si la WooCommerce

Kwenye Magento tazama `quote`, ambayo ni vikapu, kisha `report_event`, `customer_visitor`, na majedwali yanayoishia na `_cl`. Usafishaji wake nao unategemea cron, kwa hiyo hatua ya 3 inakuhusu vilevile. Kwenye PrestaShop, wanaovimba ni `ps_connections`, `ps_guest`, `ps_pagenotfound`, `ps_log` na `ps_cart`. Matatu ya mwanzo ni takwimu za wageni. Kwa `ps_cart`, hakikisha hufuti kikapu ambacho kina oda.

Hatua ya 9: Pima kila wiki

Chukua ile amri ya hatua ya 2, iweke kwenye ratiba ya seva kila Jumatatu, na matokeo yaongezwe mwisho wa faili moja pamoja na idadi ya oda za wiki hiyo. Mwezi wa kwanza faili halitakuambia kitu. Kuanzia wa pili, weka mistari miwili ya wiki mbili tofauti moja chini ya nyingine. Oda zikiwa zimeongezeka kidogo na `wp_wc_orders` imeongezeka kidogo, endelea na shughuli zako. Oda zikiwa zilezile na jedwali fulani limeongezeka maradufu, fungua hilo jedwali siku hiyohiyo, chukua rekodi moja, uisome: ndani yake kuna jina la aliyeiandika.